Kofia ya Marehemu Hilaire

Jiwe la kwanza lilitua juu ya bati la Papa Sébastien, mtengeneza kofia, kabla ya saa nne asubuhi. Inspekta Ursule Lituka aliposhuka kwenye pikipiki pale Mangobo, bati lilikuwa limeshatoboka mahali patatu, na watu wapata hamsini walikuwa wameziba njia mbele ya karakana yenye kibao kilichochujuka rangi: CHAPELLERIE MODERNE. Kibao hicho alikitundika baba wa mzee huyo, enzi za ukoloni, mji ungali unaitwa Stanleyville.

"Ndoki atoke! Muchawi atoke!" mwanamke mmoja alipiga kelele. "Atoke na kamba zake!"

Mbele ya wote alisimama Trésor, kaka mkubwa wa marehemu, shati jeusi la msiba limemganda mgongoni kwa jasho. Mkononi alishika tofali.

"Inspecteur, umechelewa," akasema. "Mudogo yangu tulimuzika juzi. Utupatie huyu muzee, ao tunaingia kumutosha sisi wenyewe."

"Nitamuuliza maneno kwanza."

"Umuulize nini? Alimupima kichwa, akafunga kamba, mudogo yangu akakufa. Unatafuta nini tena?"

Ursule alimpita bega kwa bega, na nyuma yake alifuata polisi mmoja tu, Ismaël, ambaye bunduki yake ilikuwa imefungwa waya mahali pa mkanda. Mtu akatema mate. Yakaangukia kiatu cha Ursule. Hakugeuka kuangalia ni nani, kwa sababu angemjua angelazimika kumkamata, na hiyo haikuwa kazi iliyomleta.

Mlango ukafunguliwa kidogo, ukafungwa nyuma yao kwa komeo.

Ndani kulinukia gundi na sufu iliyoungua. Juu ya meza ndefu vilipangwa vichwa vya mbao, kila kimoja na namba yake, na ukutani, kwenye misumari, zilining'inia kamba zaidi ya mia mbili, kila moja ina fundo na kipande cha karatasi chenye jina. Hizo ndizo kamba zilizokuwa zinasemwa mtaa mzima. Watu walisema mtengeneza kofia akikupima kichwa, akili yako inabaki kwenye uzi wake. Akikuchukia, anakaza fundo kidogo kidogo: kwanza unaumwa kichwa, kisha mikono inatetemeka, kisha unaanza kusema peke yako njiani. Wazee walisema walimwona mtu wa namna hiyo. Hakuna aliyeweza kumtaja jina.

Papa Sébastien alikuwa amekaa kwenye kigoda, mzee wa miaka sabini na kitu, mabega mapana, vidole vyeusi kwa rangi. Hakusimama.

"Papa, nimekuja kukuuliza," Ursule akasema.

"Umekuja kunifunga. Sema vile iko."

"Chef yangu njo anataka nikufunge. Miye nataka kujua kwanza."

"Kwangu iko kitu moja, hakuna tofauti."

Ursule alitoa kofia kwenye mfuko wa plastiki, akaiweka mezani. Ilikuwa kofia ya kijivu ya feutre, kile kitambaa kizito cha manyoya yaliyoshindiliwa, yenye utepe mweusi. Trésor mwenyewe ndiye aliyeipeleka kituoni baada ya mazishi. Hilaire, mwashi wa miaka thelathini na minne, alikuwa ameiagiza kwa ajili ya harusi ya shemeji yake. Hakufika harusini. Alikohoa siku nne, akafa Ijumaa akiwa anatafuta pumzi kama mtu aliyezamishwa. Daktari alikuwa amemwandikia Ursule mistari miwili: mapafu yameunguzwa na mvuke wa sumu, huenda zebaki iliyochomwa.

Mzee aliichukua kofia, akainusa, akapitisha dole gumba kwenye ukingo.

"Iko yangu. Ilikuwa kofia nzee ya padiri moja. Niliifungua, nikaiweka ku mvuke, nikaivuta juu ya mbao namba makumi tano na saba."

"Unatumiaka mercure, ile zebaki?"

Mzee akacheka, na hakukuwa na furaha yoyote katika kicheko hicho.

"Na weye pia! Bon, sikiliza. Baba yangu alifundishwa kazi na Mugriki moja. Ule Mugriki alimuelezea: kule Ulaya, zamani sana, batu ya kofia balikuwa banalowesha manyoya ndani ya mercure, ipate kushikana. Banavuta ile mvuke miaka na miaka. Mikono inatetemeka, meno inaanguka, mutu anasema na ukuta. Njo kule maneno ya wazimu ya batu ya kofia ilitoka. Ikafika hapa na mashua, na hapa bakaongeza kamba na undoki. Lakini miye sitengenezi manyoya! Nanunua kofia nzee, nafanya mupya. Mvuke, mbao, pasi, gundi. Mercure ya nini?"

Alipokuwa anasema, alikuwa akipigapiga meza kwa mkono wa kushoto, na Ursule aliiona pete yake ya ndoa, nyembamba kwa uzee, ya njano kabisa.

"Nitaifungua ndani," Ursule akasema.

"Ukiikata, umeiua."

Aliikata. Alipitisha wembe chini ya ukanda wa ngozi unaozunguka ndani ya kofia, pale paji la uso linapogusa, akauvuta. Tone la rangi ya fedha likachomoka, likabingirika mezani, likagawanyika mara mbili, kisha likaungana tena kama kitu chenye uhai.

Papa Sébastien alilitazama tone hilo. Halafu mzee akainuka, kigoda kikaanguka.

"Weye njo umeileta! Mu mufuko yako! Toka mu nyumba yangu!" Mkono wake ulikuwa umeshaikamata pasi ya makaa. Ismaël akainua bunduki.

"Shusha," Ursule akamwambia Ismaël. Kwa mzee akasema, "Papa, kasirika baadaye. Njoo uangalie uzi."

Alikuwa ameshaisogeza kofia dirishani. Ukanda wote ulikuwa umeshonwa kwa uzi wa pamba wa rangi ya asali, mishono midogo, iliyolingana. Lakini kwa nyuma, mahali pa urefu wa kidole, uzi ulikuwa mweusi, unang'aa, na mishono ilikuwa mikubwa na ya kwenda upande.

"Hii iko mukono yako?"

Mzee alisogea bila kuiachia pasi. Aliangalia kwa muda mrefu. Hasira haikumtoka, ila iligeukia mahali pengine.

"Miye nashona na pamba, napitisha ku nta. Hii iko nylon ya kushonea mifuko." Akaisukuma kofia mbali naye. "Mutu amefungua kazi yangu. Mutu asiyejua hata kushika sindano."

Ursule aliliswaga lile tone kwa ukingo wa kadi likaingia kwenye chupa ndogo ya dawa, akaikaza kifuniko. Wakati huo simu yake ikalia. Alikuwa mkuu wake.

"Umemufunga?"

"Bado, chef."

"Ursule, quartier, mutaa muzima, inaungua sababu yako. Saa saba natuma jeep. Itachukua muzee, na itakuletea barua yako ya kusimamishwa kazi. Voilà." Simu ikakatika.

Ursule alimgeukia Ismaël. "Ile kitu tumeona hapa, tumeona batatu tu. Ukiisema inje, nitajua iko weye."

"Sijasema kitu, inspecteur."

"Kaa ku mulango. Mutu asiingie."

Yeye mwenyewe akatokea uani.

Nyumba ya marehemu haikuwa mbali, barabara mbili tu kuelekea mtoni. Aimée, mjane wake, alikuwa amekaa juu ya mkeka chini ya turubai la msiba ambalo halijakunjwa bado, kichwa kimefungwa kitambaa cheusi. Alimwona Ursule tangu mbali, na hakumkaribisha.

"Unatoka kwake," akasema. "Gundi yake inanuka ku nguo yako."

"Natoka kwake. Hilaire alianza kukohoa siku gani?"

"Nilishasema ku polisi."

"Sema tena, mama. Siku gani?"

"Siku ya kwanza, njo Jumatatu, mangaribi. Alirudi anashika kifua."

"Na kofia? Nani aliichukua kwa muzee?"

"Miye. Siku ya tatu, Jumatano. Alikuwa hawezi tena kutembea." Aimée akainua macho, kama mtu aliyesikia maneno yake mwenyewe. Kisha akakaza uso. "Kofia, kofia! Kamba ilikuwa kwa muzee tangu zamani. Kamba njo ilimuua."

"Nani alishika kofia ku matanga?"

"Tuliiweka ku kiti, karibu na photo. Batu bote balipita pale."

"Nani aliitosha ku kiti?"

"Moïse, ule wa dépôt ya vipuri ku mutoni. Aliona iko na vumbi, akaenda nayo ku inje aipanguse. Akaleta. Na usiniambie kitu juu ya Moïse. Yeye njo alinunua sanduku ya kuzikia. Weye ulinunua nini?"

Ursule aliliacha hilo lipite. "Hilaire alikuwa anajenga wapi ile siku ya kwanza?"

"Alikuwa mu kazi."

"Kazi gani? Mwashi anarudi na ciment ku miguu. Alikuwa anarudi nayo?"

Mjane alianza kuchezea kitu kwenye ncha ya kitenge, kisha ghafla akaifungua ile ncha na kukirushia kitu hicho mkekani, mbele ya miguu ya Ursule.

"Utafute huyu mwizi, kama uko polisi kweli! Ku lopitali vidole vilivimba, muganga akatosha pete. Njo hii banirudishia. Pete ya bwana yangu ilikuwa ya dhahabu, hii ni ya fedha. Baliniibia, miye na kilio yangu."

Pete ilikuwa nyeupe, yenye kung'aa kwa ubaridi. Ursule aliiokota kwa kipande cha karatasi. Ndani yake kulichongwa herufi mbili, A na H, na tarehe.

"Hii maandishi ni yenu?"

Aimée aliinama, akasoma. "Iko tarehe yetu," akasema polepole. "Lakini rangi…"

"Mama, alikuwa anafanya kazi wapi?"

"Aliniapisha."

"Hayuko tena."

Mjane alifunika uso kwa mikono yote miwili, na jibu lilitokea katikati ya vidole. "Mu dépôt ya Moïse. Chumba ya nyuma. Alikuwa anarudi ananuka moto, ciment hapana. Alisema nikisema, Moïse atamufukuza."

Ursule aliporudi ilikuwa inakaribia saa saba, na watu walikuwa wameongezeka maradufu. Ismaël alikuwa amebanwa mlangoni, kofia yake ya polisi imeshaangushwa. Juu ya kizingiti, ametazama umati, alisimama Moïse mwenyewe: mtu mnene, nadhifu, mwenye dépôt, ghala la vipuri vya pikipiki, kando ya mto. Mji mzima ulijua kwamba ananunua dhahabu ya machimboni, ijapokuwa mlangoni kwake yalining'inia matairi tu.

"Batu yangu," alikuwa akisema kwa sauti ya upole, "miye sitaki damu. Lakini polisi inatuficha. Muzee aliweka mercure ndani ya kofia, chini ya ngozi, mahali paji inagusa! Mercure inaingia mu kichwa polepole. Inspecteur anajua. Mbona hasemi?"

Umati ukanguruma. Trésor akainua tofali lake.

"Moïse," Ursule akaita kutoka nyuma, kwa nguvu kiasi kwamba watu waligeuka. "Rudia. Chini ya nini?"

"Chini ya ngozi. Ndani."

"Ni nani alikuambia?"

"Kila mutu anajua."

Ursule akamtazama Trésor. "Weye ulinileteaka kofia. Ulijua iko na mercure chini ya ngozi?"

Trésor alisita. "Hapana. Tulisema kamba."

"Mama, weye?" akamuuliza yule mwanamke aliyepiga kelele asubuhi. "Na weye, baba? Nani hapa alijua?" Watu walitikisa vichwa. "Niliifungua ile kofia saa nne, mulango imefungwa, tukiwa batu batatu. Hata chef yangu sijamuambia. Ismaël, ulisema?"

"Sikusema, inspecteur. Angalia vile banifanya kwa kukataa kusema."

Moïse alitabasamu. "Mercure iko kazi ya batu ya kofia, mama. Hata mutoto wa masomo anajua. Nilifikiri tu."

"Bon. Tufikiri pamoja." Ursule aligonga mlango. "Papa Sébastien, nipatie pasi yako na makaa yake."

Mzee alifungua, akatoka mwenyewe na pasi, akasimama kizingitini huku akiwaangalia watu kwa chuki ileile waliyomwangalia nayo. Ursule aliyamwaga makaa katikati ya barabara, akaweka juu yake kifuniko cha kopo la maziwa, na juu ya kifuniko akaweka pete nyeupe.

"Rudini nyuma. Nyuma zaidi! Upande wa upepo. Mutu asivute hiyo moshi."

Hakuna aliyeelewa, lakini walirudi. Moïse ndiye aliyerudi mbali kuliko wote, mpaka mwisho wa baraza, na mkono wake ulikuwa umeshapanda puani. Ursule aliona. Aliona pia kwamba Trésor ameona.

Ikapita kama dakika tano. Weupe wa pete ukaanza kufifia kama ukungu unaofutwa kwenye kioo, na chini yake ikatokea rangi ya njano, isiyong'aa, lakini njano. Ursule aliisogeza kando kwa kijiti, akaiacha ipoe, akaiinua.

"Iko pete ya Hilaire. Aimée alifikiri bamuibia. Dhahabu ikigusa mercure inageuka nyeupe, ukiichoma inarudi; njo vile banasafishaka dhahabu ya machimbo. Donc, mikono ya Hilaire ilikuwa ndani ya mercure. Mikono, si kichwa. Na daktari ameandika mapafu iliunguzwa na mercure ya moto. Kofia haina moto. Alianza kukohoa siku ya kwanza, na kofia ilifika kwake siku ya tatu." Akaelekeza kidole kizingitini. "Sasa muangalie mukono ya muzee. Iko na pete yake miaka makumi ine, anafanya nayo kazi kila siku. Iko rangi gani?"

Watu wote waliangalia. Papa Sébastien hakuinua mkono kuwasaidia. Aliuacha ulivyo, juu ya mpini wa pasi, na pete ilikuwa ya njano.

"Na weye, Moïse, ku kidole iko alama ya pete. Pete yenyewe iko wapi?"

Mkono wa Moïse uliingia mfukoni. "Naitoshaka nikiwa mu kazi."

"Kazi ya matairi?"

Sasa tofali lilianguka chini. Trésor alipanda ngazi mbili kwa hatua moja, akamkamata Moïse kwa kola. "Ulikula chakula ya matanga yetu," akasema. "Ulishika kofia ya mudogo yangu mbele ya mama yetu."

"Nilimupatia kazi! Nani mwingine alimupatia kazi? Nilimuambia achome dirisha wazi…"

"Ile chumba ina dirisha?" Ursule akauliza.

Moïse alijaribu kumponyoka Trésor. Ursule alimshika kifundo cha mkono, Ismaël akafunga pingu.

"Nani anachoma mahali ya Hilaire?"

Moïse aligeuza uso.

"Moïse. Leo. Sasa hivi. Nani iko ndani?"

Moïse hakumwangalia yeye. Alimwangalia Trésor, na safari hiyo upole wote ulikuwa umekwisha. "Uliza bibi yako," akasema.

Trésor alibaki ameshika kola, jina la mkewe mdomoni. "Grâce iko ku soko. Anauzisha samaki."

"Ufunguo uko mu mufuko ya suruali," Moïse akasema. "Nafungaka ku inje. Batu banaibaka."

Hapo Trésor hakungoja polisi. Ursule alimtoa Moïse ufunguo mfukoni, akamwacha na Ismaël, akamkimbilia Trésor, wakapanda pikipiki moja ya abiria, wawili na dereva wakawa watatu. Nyuma yao umati ulitawanyika kimyakimya. Hakuna hata mmoja aliyemwomba mzee msamaha.

"Na bati yangu?" Papa Sébastien aliwapigia kelele migongo yao. "Nani atarudisha bati yangu?"

Dépôt ilikuwa mwendo wa dakika sita. Njiani Ursule alimpigia mkuu wake. "Chef, tuma ile jeep. Lakini ije kando ya mto, na iende mbio."

Chumba cha nyuma kilikuwa cha matofali, mlango wa chuma, kufuli kubwa kwa nje. Ursule alimzuia Trésor kwa kiwiko. "Usiingie. Ukiingia mutakuwa babili." Akafungua kufuli, akaupiga mlango teke, akarudi nyuma huku amebana pumzi. Hewa ya moto, nzito, ikatoka na kuwapita.

"Grâce! Toka na miguu yako! Grâce!"

Kwanza kikohozi. Kisha mwanamke akatokea, ameshika ukuta, kitambaa kimemfunika pua, macho mekundu. Alipomwona mume wake, alitaka kurudi ndani kwa aibu. Trésor alimvuta, akambeba mpaka kwenye majani ya ukingoni, upepo wa mto ukampiga usoni. Alimpiga mume wake ngumi za kifua, dhaifu, moja baada ya nyingine.

"Mbona munavunja? Atanifukuza!"

"Tangu lini?" Trésor akauliza. Sauti haikuwa yake. "Grâce, tangu lini?"

Grâce alikohoa, akavuta pumzi, akaacha kumpiga. "Tangu matanga. Alinifuata ku jikoni, akaniambia mahali ya Hilaire iko wazi."

Trésor aliketi chini kando yake. Honi ya jeep ilisikika kutoka barabara ya juu. Ursule alichuchumaa mbele ya mwanamke, akamshika kiganja. Kilikuwa na joto, na pumzi ilikuwa inaingia na kutoka.

"Unaenda lopitali sasa hivi. Kwanza uniambie kitu moja tu. Ile chumba, mulikuwa munapokezana bangapi?"

Grâce alimtafuta Moïse kwa macho, akaona hayupo, akamwangalia mume wake, kisha akaanza kutaja majina, kidole kwa kidole. Ursule aliandika. Alipoona mwanamke amemaliza mkono wa kwanza na ameanza wa pili, alifungua ukurasa mwingine.